Zege la Saruji Haba Lipimwe kwa Pigo

Katika Kiswahili tunayo maneno mawili kwa kile kitu cha kijivu ambacho kila mjenzi hukinunua kwa mfuko wa kilo 50: saruji na simiti. Simiti ni neno la juzi, lililotujia kutoka kwa Waingereza pamoja na bidhaa yenyewe. Saruji ni neno kongwe, lililotufikia kutoka Uajemi kupitia kwa Waarabu. Yamkini msomaji atauliza: mwalimu wa isimu ana haja gani na vumbi la ujenzi ilhali wahandisi tunao? Jibu langu ni kwamba mara nyingine neno huhifadhi ujuzi ambao wenye kulitumia wamekwisha kuusahau. Saruji ni neno la aina hiyo, na ujuzi wake umerudi kutubishia hodi hapa Kitengela na Kajiado.

Nchini Omani, mafundi wanaokarabati ngome za kale na mifereji ya falaj wangali wanatumia kitu kinachoitwa kwa jina hilohilo. Kitu hicho si unga wa kiwanda cha kisasa. Ni udongo wa mfinyanzi uliokaushwa, ukachomwa kwa magogo ya mitende, ukasagwa, na aghalabu ukachanganywa na chokaa. Mchanganyiko huo hushikamana hata majini, na ndiyo sababu mifereji iliyojengwa kwao ingali inapitisha maji hadi leo. Warumi nao walikuwa na njia iliyokaribia hiyo. Wao hawakuchoma udongo kwa kuwa volkano ilikuwa imekwisha kuwachomea: walichukua majivu ya mlima karibu na mji wa Pozzuoli, wakayachanganya na chokaa. Kutokana na jina la mji huo ndipo wahandisi wa leo wanapata neno pozolana.

Kisha akaja Mwingereza Joseph Aspdin, aliyepata hataza mwaka 1824 na kuiita simiti yake Portland, kwa madai kwamba inafanana na jiwe lililochimbwa katika kisiwa cha jina hilo. Simiti iliyoendelezwa baada yake hutegemea klinka, yaani mabonge magumu yatokayo tanuuni baada ya mawe ya chokaa na udongo kuchomwa kwa joto la nyuzi 1450 hivi za Selsiasi. Kampuni ya East African Portland Cement, iliyoanzishwa mwaka 1933, ilianza kwa kusaga jijini Nairobi klinka iliyoletwa kwa meli, na katika miaka ya hamsini ikajenga kiwanda Athi River. Viwanda vingine vikafuata, na leo anayesafiri kutoka Mlolongo kwenda Kitengela hahitaji kuambiwa kwamba amefika katika nchi ya saruji. Paa za mabati zinamwambia kwa rangi yake.

Klinka ina aibu yake. Jiwe la chokaa linapochomwa, hewa ya kaboni iliyofungwa ndani yake hutoka na kupaa, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kaboni ya saruji. Iliyobaki hutoka katika makaa na mafuta yanayolitia moto tanuu. Kwa jumla, saruji huchangia asilimia 7 hadi 8 ya kaboni yote inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Wakazi wa Kajiado hawahitaji kufundishwa na mhadhiri maana ya hali ya hewa kuharibika. Kati ya mwishoni mwa mwaka 2020 na mapema mwaka 2023, misimu mitano ya mvua ilishindwa kwa mfululizo, na mizoga ya ng'ombe ikatapakaa kandokando ya barabara ya Namanga. Mfugaji aliyepoteza mifugo hiyo hakuwahi kuwa na tanuu la nyuzi 1450.

Kwa hiyo wataalamu wa Uswisi, Kuba na India wamerudi kwenye udongo. Wametengeneza saruji ambayo klinka ni nusu tu yake. Asilimia 30 ni udongo wa mfinyanzi uliochomwa kwa joto la chini zaidi, 15 ni jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa, na 5 ni jasi. Kaboni hupungua kwa asilimia 30 hadi 40. Wahandisi husema hili ni zege lenye saruji haba. Mwanaisimu ana ruhusa ya kutabasamu: kwa maana ya kale ya neno, zege hilo lina saruji nyingi zaidi kuliko lile la Portland. Lililopungua ndani yake ni klinka.

Tena jambo hili si la kesho. Liko katika mfuko unaouzwa dukani leo. Kiwango cha Afrika Mashariki cha saruji, EAS 18-1, kilichoandikwa kwa kufuata kile cha Ulaya, huruhusu aina iitwayo CEM IV/B kuwa na pozolana kati ya asilimia 36 na 55. Saruji zenye majivu ya volkano zimejenga sehemu kubwa ya nyumba zetu za kawaida. Sioni dhambi yoyote katika hilo. Bonde la Ufa limetupa majivu hayo bure, na ingekuwa ujinga kuyaacha tukachoma mawe. Naunga mkono zege la klinka haba kwa moyo wote. Ninalolipinga ni kuliuza kwa watu bila kulipima kwa namna ambayo maisha yatalipima, na bila kuwaambia wanaolimimina jinsi ya kulitunza.

Hebu tutazame linavyopimwa. Mchemraba wenye upande wa milimita 150 huwekwa majini kwa siku 28, kisha hutiwa katika mashine na kubanwa taratibu hadi uvunjike. Tarakimu inayopatikana ndiyo inayoandikwa katika vyeti, na ndiyo inayotafutwa jengo linapoporomoka na tume ikaundwa. Kipimo hicho ni kizuri kwa swali linaloulizwa, yaani je, zege litahimili uzito wa ghorofa lililo juu yake? Lakini hakisemi lolote juu ya swali la pili: je, zege hilo likipigwa ghafla litafanyaje?

Uzito na pigo ni vitu viwili. Mzigo unaoongezeka polepole huupa ufa nafasi ya kuchagua njia, nao hupita pembeni mwa kokoto, mahali palipo dhaifu. Pigo la ghafla haliachi nafasi hiyo. Ufa hulazimika kupasua kokoto zenyewe, na nyufa nyingi hufunguka kwa wakati mmoja. Ndiyo maana zege likipigwa kwa kasi huonyesha nguvu kubwa kuliko likibanwa polepole. Hiyo ni nusu njema ya habari. Nusu ya pili ni kwamba wimbi la mshtuko hupita ndani ya zege likiwa mbano, na likifika upande wa pili likakuta hewa, hurudi likiwa mvuto. Zege ni hodari wa kuhimili mbano, lakini nguvu yake dhidi ya mvuto ni kama sehemu moja kwa kumi tu. Hapo kipande cha upande wa ndani hubanduka na kuruka, hata kama upande uliopigwa una alama ndogo. Aliyejibanza nyuma ya ukuta ndiye anayeumia.

Je, sisi wa Kitengela na Kajiado tuna mapigo ya kutuhangaisha? Tunayo tele. Barabara ya kwenda Namanga hupitisha usiku na mchana malori ya saruji, mchanga, kokoto na bidhaa za mpakani, na kila nguzo, kalvati na ukingo wa daraja ulio kando yake unangoja siku yake. Machimbo ya mawe hulipuliwa kwa baruti, na mitikisiko yake hufika katika kuta za majirani. Mwezi wa Julai 2007, mfululizo wa matetemeko karibu na Ziwa Natron, upande wa pili wa mpaka, ulitikisa nchi hadi Nairobi, na watu wakakimbia kutoka maofisini. Bonde la Ufa linalotupa pozolana ndilo hilo hilo linalotutikisa. Anayekubali zawadi yake ajiandae pia kwa hasira zake.

Na yupo Mkenya wa rika langu asiyekumbuka Agosti 7, 1998? Siku hiyo bomu lililotegwa garini lililipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, na watu zaidi ya 200 wakafa. Jengo la Ufundi lililopakana na ubalozi liliporomoka. Kiunzi cha ubalozi wenyewe kilibaki kimesimama, na jengo refu la Ushirika lililokuwa karibu lilipoteza vioo vyake lakini halikuanguka. Sidai kwamba aina ya saruji ndiyo iliyoleta tofauti hiyo. Umbali, usanifu na ufungaji wa nondo vilikuwa na uzito wake. Nasema tu kwamba majengo yaliyokuwa yamehimili uzito wao kwa miaka yalitahiniwa kwa dakika moja mtihani mwingine kabisa.

Sasa, zege la klinka haba hufanyaje katika mtihani huo? Kwa ufupi, yaliyokwisha kujulikana katika maabara za ulimwengu ni haya. Mazege mawili, moja la klinka tupu na jingine la pozolana, yakifikia nguvu sawa ya mbano, kwa kawaida hayaachani mbali yakipigwa. Kwa hiyo wanaoieneza hofu kwamba majivu ni udanganyifu wa wenye viwanda hawana msingi. Walakini, zege la pozolana hufika hapo kwa mwendo wa kinyonga. Pozolana hungoja chokaa inayotolewa na klinka inapoungana na maji, ndipo nayo ianze kazi yake, na kazi hiyo huendelea kwa majuma na miezi madamu kuna unyevu. Zege hilo likikaushwa mapema, pozolana hubaki imelala kama majivu ya kawaida jikoni, na kinachobaki kikifanya kazi ni klinka peke yake, ambayo tumekwisha kuipunguza.

Hapo ndipo Kajiado inapokuwa na neno lake la pekee, kwa sababu hapa maji ni ghali. Wengi wa Kitengela huyanunua kwa lori au kwa mitungi, na anayejenga hutazama kila lita. Jua ni kali, upepo wa nyika haukomi, na kunyunyizia zege maji kwa majuma mawili huonekana kuwa anasa. Mwaka jana lori la kokoto liliporudi nyuma kwa uzembe, liligonga nguzo mbili za ua wangu, zilizomiminwa na mwashi mmoja kwa saruji ya aina moja. Moja ilipata ufa mwembamba. Ya pili ilikatika kama muwa. Nilipomwuliza mwashi, alinieleza kwamba ile ya pili ilimiminwa siku ya Ijumaa, na hadi Jumatatu hapakuwa na maji ya kuinyunyizia. Nguzo mbili si utafiti, na hakuna mwanafunzi wangu ambaye ningemruhusu kujengea tasnifu juu yake. Lakini maelezo ya mwashi yanaafikiana na sayansi niliyoieleza.

Zipo pia saruji zisizo na klinka hata chembe. Mfaransa Joseph Davidovits ndiye aliyezipa jina la jiopolima katika miaka ya sabini. Hizi huamshwa kwa kemikali kali, na mojawapo hutengenezwa kwa kuyeyusha mchanga pamoja na magadi. Msomaji ameshafika mbele yangu: magadi hayo yanachimbwa Kajiado, katika ziwa lililochukua jina lake kutoka kwayo, tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Siku moja huenda tukajengea nyumba kitu ambacho mama zetu walikitia katika maharagwe. Lakini jiopolima nyingi zina tabia ya kioo: huhimili mbano vizuri, kisha hukatika kwa ghafla bila kutoa onyo. Kuipeleka bidhaa kama hiyo kando ya barabara ya malori kwa kuamini kipimo cha mbano pekee ni kumpa askari ngao bila kuuliza imetengenezwa kwa nini.

Dawa ya wepesi huo wa kukatika inafahamika, nayo ni nyuzi. Nyuzi zikichanganywa ndani ya zege huushika ufa usifunguke, na zege lililopasuka hubaki limeshikana badala ya kutawanyika. Nchi tajiri hutumia nyuzi za chuma. Sisi tuna mkonge, ulioletwa Tanganyika mwaka 1893 na ambao ungali unalimwa Kilifi na Taita Taveta. Kikwazo cha mkonge kilikuwa kwamba chokaa iliyomo katika zege la kawaida huutafuna hadi ukawa kama majani makavu. Watafiti wa Brazili wameonyesha kwamba udongo uliochomwa, kwa kuila chokaa hiyo, huuwezesha mkonge kudumu zaidi. Yaani kile kinachopunguza klinka ndicho pia kinachoulinda mkonge, na mkonge ndio unaolinda zege dhidi ya pigo. Sijui bahati kubwa kuliko hiyo kwa nchi yenye udongo, majivu na mkonge kwa pamoja.

Basi tufanye nini? Kwanza, tupime. Kuna kipimo kinachotambuliwa na chama cha wahandisi wa zege cha Marekani ambacho hata warsha ya jua kali ya Kitengela inaweza kukiunda. Kisahani cha zege chenye kipenyo cha milimita 150 huwekwa chini, tufe la chuma likawekwa juu yake, na nyundo ya kilo nne na nusu hivi ikaangushwa juu ya tufe kutoka kimo cha sentimita 46 hivi. Unahesabu mapigo hadi ufa wa kwanza, na mapigo hadi kisahani kitawanyike. Wahandisi watanikumbusha, na kwa haki, kwamba matokeo yake hutofautiana sana kati ya kisahani na kisahani. Hiyo ni sababu ya kuvunja visahani vingi, wala si sababu ya kutovunja hata kimoja. Vyuo vya kiufundi vya kaunti vingeweza kuifanya kazi hiyo, kwa saruji zinazouzwa hapa na kwa zege lililokaushwa kwa upepo wa hapa, siyo tu lile lililolelewa katika birika la maabara.

Pili, tuandike, na hapa narudi uwanjani mwangu. Chukua mfuko wa saruji ukausome. Utakuta herufi na tarakimu kama CEM IV/B-P 32.5 N. Ujumbe wote umo humo: kiasi cha pozolana, aina yake, nguvu ya siku 28, mwendo wa kukauka. Ni lugha timilifu, isipokuwa kwamba haizungumzwi na yeyote kati ya wale wanaoufungua mfuko. Mwashi hushika 32.5 peke yake na kuiona kuwa jina la bei nafuu. Katiba yetu ya mwaka 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi katika kifungu cha 7, na katika kifungu cha 46 inampa mnunuzi haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidi bidhaa kikamilifu. Sioni jinsi vifungu hivyo viwili vinavyoweza kusomwa pamoja na bado mfuko ukabaki bubu. Sentensi tatu zingetosha: Saruji hii ina majivu ya volkano. Hukomaa polepole. Inyunyizie maji kwa siku 14, na usiibebeshe wala kuigonga mapema.

Tatu, maji ya kunyunyizia yahesabiwe katika bei ya jengo tangu mwanzo, kama mchanga na nondo zinavyohesabiwa. Gunia lililoloweshwa na karatasi ya plastiki ya kufunika nguzo hugharimu kidogo mno ukilinganisha na nguzo ya pili.

Kuna watakaosema kwamba mambo haya yataongeza gharama, na kwamba maskini anataka nyumba wala hataki visahani vilivyovunjwa kwa nyundo. Nawaheshimu, lakini wamegeuza hoja. Tajiri hujenga kwa mhandisi, naye mhandisi huyajua yote niliyoyaandika na zaidi. Maskini hujenga kwa mwashi na mfuko, na mfuko ndio mhandisi wake wa pekee. Tukimnyima mfuko unaosema, tumemnyima ushauri wote.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia ukuta huo ujengwe kwa nini, maana wao walijua: walikuwa na chokaa, na ng'ambo ya bahari kulikuwa na udongo uliochomwa ulioitwa saruji. Sisi tuna Bonde la Ufa, magadi, mkonge na viwanda vilivyojipanga kutoka Athi River hadi Kitengela. Shirika la Ubora wa Bidhaa linaweza kuanza na jambo jepesi kuliko yote, ambalo halihitaji maabara wala nyundo: kuagiza zile sentensi tatu za Kiswahili zichapishwe katika kila mfuko.